Unanipata? Vijana wa skauti na redio inayojibiwa

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

 Wewe unayesikiliza, na wewe ambaye redio yako imeishiwa mawe, unayesoma karatasi hii pale kwenye ubao karibu na bomba la maji, karibuni. Hiki ni kipindi chetu cha historia.

Leo naanza na neno moja ambalo sisi tuliotoka Kongo tunalijua sana: foni. Ile redio ya parokia au ya kituo cha afya, yenye betri ya gari chini ya meza na waya uliofungwa kati ya miti miwili. Kabla ya simu za mkononi kufika vijijini, foni ndiyo iliyoleta habari za msiba, habari za mgonjwa aliyepelekwa mjini, habari za ndege ya dawa itatua lini. Baba yangu mdogo alikuwa mshika foni. Nikiwa mtoto nililala nikimsikia akiita: "Unanipata? Unanipata?"

Siku watu wenye silaha walipoingia kijijini kwetu, jambo la kwanza waliuliza foni iko wapi na nani anaitumia. Kwao, mwenye foni ni mpelelezi. Baba mdogo aliiacha mezani, tukakimbia. Tangu siku ile mama yangu hataki kusikia habari za mtu wa ukoo wetu kushika kipaza sauti. Hata nilipoanza kazi hii ya utangazaji alinuna wiki nzima.

Sasa nikueleze kilichonipata Kampala. Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilikwenda huko kwa mafunzo ya siku chache. Jumamosi mmoja wa walimu wetu akasema, "Twendeni mkaone redio ya aina nyingine." Akatupeleka kwa kikundi cha vijana wa skauti. Chini ya mfenesi palikuwa na meza, na juu ya meza redio ndogo, betri ya gari, daftari na kalamu. Waya mwembamba ulitoka mezani ukapanda hadi kwenye tawi, kisha ukavuka hadi kwenye paa. Nilisimama pale kama mtu aliyeona mzimu. Ilikuwa foni ya baba mdogo.

Lakini aliyeshika kipaza sauti alikuwa msichana wa miaka kama 14, skafu shingoni, na hakuna aliyemwogopa. Aliita kwa Kiingereza, akataja kituo chao herufi kwa herufi, akanyamaza akisikiliza. Mara ya tatu akajibiwa. Alikuwa mzee mmoja wa Italia. Vijana wote wakaruka kwa furaha kama timu yao imefunga bao.

Nikajiuliza: kitu kilekile kilichotukimbiza kwetu, hapa ni mchezo wa watoto. Imekuwaje? Jibu la swali hilo ni historia ya leo.

(Muziki mfupi.)

Tuanzie mbali kidogo. Mwezi Oktoba 1899, huko Afrika Kusini, Makaburu waliuzingira mji wa Mafeking, ambao leo unaitwa Mahikeng. Mji ulizingirwa siku 217. Kamanda wa Waingereza ndani ya mji alikuwa Robert Baden-Powell. Askari walikuwa wachache, kwa hiyo wavulana wa Kizungu wa mji ule waliundiwa kikosi chao. Kazi yao kubwa ilikuwa kupeleka ujumbe kutoka kituo hadi kituo, baadaye hata kwa baiskeli, huku mizinga inalia. Baden-Powell aliona kwamba kijana akiaminiwa kazi ya kweli, anaifanya kama mtu mzima.

Hapo ndipo wazo la skauti lilipoanzia. Lakini wewe na mimi tunajua maana ya mgao wa chakula, kwa hiyo tusifiche upande wa pili. Ndani ya mji huohuo walikuwamo maelfu ya Waafrika, Wabarolong wenyeji na wakimbizi waliokuwa wamekimbilia pale. Mgao wao ulipunguzwa kuliko wa Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Mwafrika mmoja aliyekuwa mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, aliandika shajara ya siku zile. Ilichapishwa mwaka 1973, miaka zaidi ya 40 baada ya yeye mwenyewe kufa. Ujumbe wa wale wavulana ulifika siku ileile. Ujumbe wa Plaatje ulichukua zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1907 Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wakapiga kambi. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na skauti wakaenea duniani kama moto wa nyika. Uganda walianza mwaka 1915. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Afrika Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa alama za njiani za skauti, maana yake ni: nimekwenda nyumbani.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye redio. Unajua neno "ridhaa", tunalitumia kwa wachezaji wa mpira au ndondi wasiolipwa. Redio ya ridhaa ni hivyohivyo. Mtu anatumia redio ya kusema na kusikia kwa kupenda, kwa kujifunza na kwa kusaidia, bila kuuza chochote.

Watu hawa walianza mapema, miaka ya mwanzo ya 1900. Meli na majeshi walilalamika kwamba vijana hawa wanawaingilia. Mwaka 1912 Marekani ikatunga sheria: watu wa ridhaa wasitumie mawimbi yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafiki mbali. Kwa maneno mengine, walipewa shamba la mawe.

Wewe uliyepewa kiwanja ambacho hakuna mwenyeji aliyekitaka, sikiliza kilichofuata. Watu wale walilima shamba lao la mawe. Mwezi Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Ufaransa alizungumza usiku na Fred Schnell wa Marekani, kwa wimbi la mita kama 100, bahari nzima ya Atlantiki ikiwa katikati yao. Ikajulikana kwamba mawimbi mafupi, yale yaliyotupwa, ndiyo yanayovuka dunia. Muda si mrefu makampuni na serikali nao wakayataka.

Siri yake ni hii. Wimbi fupi likiondoka kwenye waya linapanda juu mamia ya kilomita, hadi kwenye tabaka la hewa ambalo jua limeliamsha. Tabaka hilo linalirudisha wimbi chini, mbali sana na pale lilipotoka, kama mpira unaodundishwa kwenye dari. Mchana hutumika mawimbi mafupi zaidi, kama ya mita 20. Usiku yale ya mita 40 hufanya kazi vizuri. Ndiyo maana baba mdogo alibadilisha swichi jua likizama, na mimi nilidhani ni uchawi.

Waya wenyewe si wa ajabu. Kwa mawimbi ya mita 20 unahitaji waya wa mita 10 hivi, unaokatwa katikati, upande mmoja mita 5 na mwingine mita 5. Redio yenyewe mara nyingi haizidi wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Kwa nguvu ya balbu moja, msichana wa Kampala alimfikia mzee wa Italia.

(Muziki mfupi.)

Skauti na redio walikutana rasmi mwaka 1957. Mwaka huo skauti walitimiza miaka 50, wakafanya Jamborii kubwa ya dunia Sutton Park, Uingereza. Palikuwa na kituo cha redio ya ridhaa kambini, na wapenzi wa redio kutoka nchi mbalimbali wakakutana hapo. Hofu yao ilikuwa moja: kambi ikivunjwa, tutapotezana. Mwingereza mmoja, Les Mitchell, akatoa wazo kwamba tuchague siku za mwisho wa wiki moja, kila mtu akae kwenye redio yake nchini kwake, tuitane. Mwezi Mei 1958 wakafanya mara ya kwanza. Ikaitwa Jamborii ya Hewani.

Siku hizi hufanyika Oktoba, mwisho wa wiki ya tatu, na tangu miaka ya 1990 wameongeza intaneti. Kwa mwaka mmoja hushiriki vijana zaidi ya milioni moja. Hiyo ndiyo Jumamosi niliyoikuta Kampala bila kujua.

Wazo la Mitchell linanigusa mimi kama mkimbizi. Lilitoka kwa watu walioona kambi inakwisha na wakakataa kupotezana.

(Muziki mfupi.)

Turudi Uganda. Je, unajua kwamba watoto wakimbizi walikuwa skauti katika nchi hii miaka 80 iliyopita? Walikuwa Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia nyingi za Poland zilisafirishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti hadi Siberia. Walipoachiliwa walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Uganda ilipokea wapatao 7,000 katika makambi mawili: Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Kampala. Walijenga nyumba za nyasi, shule na makanisa. Kanisa lao la Nyabyeya bado limesimama. Na watoto wao walikuwa na vikundi vya skauti, wakivaa skafu na kupiga kambi.

Wengi wao hawakurudi kwao, maana vita vilipokwisha mipaka ilikuwa imehamishwa na utawala umebadilika. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Nakukumbusha hili ewe kijana unayefikiri kwamba skauti ni jambo la watoto wenye nyumba zao. Hapa Uganda, watoto wa makambini walilifanya kabla bibi yako hajaolewa.

Redio ya serikali ya Uganda ilianza kutangaza miaka ya 1950. Na katika historia ya Kampala, redio imekuwa kitu cha kugombaniwa. Tarehe 25 Januari 1971, wananchi walijua kwamba Obote amepinduliwa pale askari mmoja alipokuwa akisoma sababu za jeshi kwenye Radio Uganda, na Idi Amin akaingia madarakani. Anayetaka nchi hukimbilia kwanza kipaza sauti. Ndiyo maana serikali, hii na nyingine zote, hazimwachii kila mtu chombo cha kurusha sauti. Hata Uingereza, vita vilipoanza mwaka 1939, ilifuta leseni za redio ya ridhaa na kuchukua mitambo.

Sasa ndipo nilipopata jibu langu. Tofauti ya ile foni ya kijijini na redio ya chini ya mfenesi haikuwa kwenye chombo. Ilikuwa kwenye kanuni ambazo kila mmoja anazijua. Mtu wa ridhaa ana leseni. Uganda inatolewa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Asiye na leseni husema akiwa chini ya macho ya mwenye leseni. Lazima utaje jina la kituo chako. Huruhusiwi kuficha maana kwa maneno ya siri. Hufanyi biashara. Kila mazungumzo unayaandika kwenye daftari, kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu saa 3. Vijana walinichekesha hapo: daftari linasema 1200, simu ya mfukoni inasema 15:00, na sisi Waswahili tunasema saa 9. Saa tatu tofauti, dakika ileile!

Jina la kituo nalo linasema umetoka wapi, kwa sababu kila nchi ina herufi zake. Uganda ni 5X. Kenya 5Z, Tanzania 5H, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilipewa Z8. Niliwauliza, "Na mkimbizi ana herufi gani?" Kiongozi wao akafikiri kidogo, akasema, "Hakuna herufi za mkimbizi. Ukipata leseni hapa, unaitwa 5X kama sisi." Ndugu msikilizaji, kwa kadi yangu mimi ni namba ya kaya na alama ya vidole. Jibu lile nililibeba hadi kitandani.

(Muziki mfupi.)

Kuna jambo moja zaidi, na hili linanihusu mimi ninayekuzungumzia. Redio ya matangazo kama hii ina mdomo lakini haina sikio. Mimi nasema, wewe huwezi kunikatiza. Tunajua hiyo inaweza kufika wapi. Mwaka 1994 huko Rwanda, RTLM ilichochea mauaji siku baada ya siku, na waliotajwa majina hewani hawakuwa na pa kujibia. Redio ya ridhaa imejengwa kinyume. Ukishasema unaachia kitufe, unasikiliza. Usipoachia kitufe, husikii chochote. Hata sheria za ufundi zinakufundisha adabu.

Na inasaidia. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman vya India, simu zilikatika. Kikundi cha redio ya ridhaa kilichoongozwa na mwanamke, Bharathi Prasad, kilikuwa kimefika huko kwa shughuli zake za kawaida. Wakaacha mchezo, wakaanza kupeleka habari za walio hai.

Najua swali lako, mama uliyeketi hapo. "Je, redio hiyo inaweza kumtafuta mwanangu?" Nitakujibu wazi. Kwa kawaida, hapana. Kanuni za kimataifa zilizorekebishwa Geneva mwaka 2003 zinasema kituo cha ridhaa kinaweza kupeleka ujumbe wa mtu mwingine nje ya nchi wakati wa dharura au maafa tu. Kwa kutafuta ndugu waliopotea, nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Hiyo ndiyo kazi yao, na hawatozi pesa.

Na wewe kijana, nakuomba sana: usinunue redio ya mkononi sokoni ukaanza kuita watu. Bila leseni ni kosa, na mkimbizi akikamatwa na chombo hicho, maelezo yake huwa marefu kuliko ya mtu mwingine. Njia iko: anza na kikundi cha skauti au shule, tafuta mtu mzima mwenye leseni, jifunze kwanza kusikiliza. Kusikiliza mawimbi mafupi hakuhitaji kipaza sauti, na redio ya kawaida yenye SW inatosha. Oktoba ikifika, tega sikio.

Nimalizie hadithi yangu. Pale chini ya mfenesi, kiongozi aliuliza nani mwingine anataka kusema. Mikono yangu ilitoka jasho. Nilimwona mama, nikamwona baba mdogo anaacha foni mezani. Nikasema, "Mimi hapana." Yule msichana akanitazama, akasema, "Kaka, wala hawakuoni. Taja jina lako tu." Nikachukua kipaza sauti. Nikataja jina langu la kwanza na kusema niko Kampala, Uganda. Nikaachia kitufe. Sekunde kadhaa zilikuwa kelele tupu. Kisha sauti ya mzee ikaja, nyembamba, ikatamka jina langu vibaya kabisa, ikasema: nakupata vizuri.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama. Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza swali moja tu: "Alikujibu?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, alinijibu." Akasema, "Baba yako mdogo naye alikuwa akijibiwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tukimbie.

Skauti wana msemo wao: Uwe tayari. Mimi nakuachia huo. Kama wewe au mzazi wako mliwahi kuwa mshika foni, njoo studio utusimulie. Tutakusikiliza bila kukukatiza. Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)